Je, Chombo Kikilia, Kimepona?

Liko swali moja ambalo tumelichukua moyoni tangu masika yaliyopita, nasi twapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu, kwa maana twadhani si letu peke yetu. Swali ni hili: Mtu akimpelekea fundi chombo kilichonyamaza, naye fundi akamrudishia kikilia, je, chombo kile kimepona? Na kama hakikupona, bali kimelizwa tu, ni nani aliyekosa: fundi aliyefanya vile, ama mtu aliyemhimiza? Wengi watajibu upesi, kama sisi tulivyojibu upesi hapo kwanza. Lakini twaomba msomaji avumilie tumsimulie habari iliyotupata hapa kwetu Chamazi, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha kwamba jibu la upesi halitoshi.

Yuko mama mmoja jirani yetu, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia. Katika safari zake mzee yule alinunua ng'ambo sanduku kubwa la kupigia santuri, ambalo Wamarekani huliita jukiboksi, akalileta kwa meli na kulitunza sebuleni mwake zaidi ya miaka thelathini. Wasomaji wetu vijana, waliozaliwa katika siku hizi ambapo nyimbo hukaa ndani ya simu, pengine hawajapata kuliona. Ni kabati lenye kimo cha kufika kifuani mwa mtu mzima, lina kioo na taa za rangi upande wa mbele, na ndani yake zimepangwa santuri nyingi ndogo. Mtu hutia sarafu, hubonyeza herufi na tarakimu ya wimbo autakao, ndipo mkono wa chuma huitafuta santuri ile, huiweka mahali pake, na wimbo hulia.

Sanduku la kwanza la namna hii liliwekwa na Louis Glass katika mji wa San Francisco mwaka 1889. Lakini lile halikuwa na nguvu ya kujaza chumba; watu wanne walisikiliza kwa mirija iliyotiwa masikioni, kila mmoja kwa sarafu yake. Kilicholipa sanduku sauti ya kusikiwa na watu wote ni valvu, ile chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo Mwingereza John Ambrose Fleming aliivumbua mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu mdogo ndani yake miaka michache baadaye. Kwa wavu huo umeme dhaifu utokao kwenye sindano ya santuri huuamuru umeme mwingi upite ama uzuiliwe, na hivyo mnong'ono hugeuka kuwa sauti ya kutikisa madirisha. Chombo chenye valvu hizo mafundi wetu hukiita amplifaya, nacho hukaa chini kabisa ndani ya kabati, gizani, mahali ambapo mwenye nyumba hana sababu ya kuchungulia.

Santuri za marehemu zilikuwa za nchi zetu, za bendi za Dar es Salaam na Morogoro, za Mbaraka Mwinshehe na wenzake. Nyingi ziliimbwa Tanzania zikachapwa Nairobi, kwa kuwa miaka ile kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Tangu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, nyimbo za Kiswahili zimezoea kusafiri mbali ndipo zirudi nyumbani. Twasema haya ili msomaji ajue ya kuwa sanduku lile halikuwa pambo tu kwa mama yule. Mumewe alimwahidi binti yao wa mwisho, tangu angali mtoto, ya kwamba siku ya arusi yake litalia. Mzee akafariki, sanduku likanyamaza, na miaka miwili baadaye arusi ikawadia.

Mama alituita sisi kwa kuwa tumefundisha sayansi miaka mingi, naye alidhani mtu ajuaye kuchora betri ubaoni hawezi kushindwa na sanduku la mumewe. Tulishindwa. Ndipo tukamwita kijana mmoja mwenye kibanda kando ya barabara iendayo Mbande, atengenezaye simu na redio, mwepesi wa mikono na mwenye adabu. Alifungua, akaona fyuzi imekatika, akatia nyingine. Valvu zikawaka kwa wekundu wao wa polepole, spika ikavuma kama nyuki mzingani, na wimbo ukaanza. Kabla wimbo wa pili haujafika nusu, fyuzi ikakatika tena. Akatia ya tatu, nayo ikakatika. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na arusi ilikuwa Jumamosi.

Hapo kijana akatuambia, "Mwalimu, naweza kufunga waya mahali pa fyuzi, ikalia. Ila kipo kitu humo ndani kinachoikata, na mimi sijakijua. Nipe wiki moja nikitafute."

Nasi tukamjibu, "Wiki hatuna. Funga waya, mwanangu, ilimradi Jumamosi ilie."

Akafunga waya, akapokea ujira wake, akaenda zake.

Jumamosi sanduku lililia. Lilianza baada ya magharibi, na wazee waliokaa uani waliacha kuzungumza ili wasikilize. Bibi arusi alitoka chumbani akasimama mbele ya kioo kile chenye taa, akilia na kucheka. Mama yake alitushika mkono akatushukuru, nasi tukapokea shukrani zile kama haki yetu. Ilipopata saa tatu usiku, tulisikia harufu kama ya lami iliyochemshwa. Kisha moshi ukatoka chini ya kabati. Mtoto mmoja wa miaka sita alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, sarafu mkononi, akingoja zamu yake. Tulikimbia tukaung'oa waya ukutani. Hakuna aliyeumia. Lakini mbao za ndani zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi, na ile transfoma, moyo wa amplifaya yote, ilikuwa imeungua, hata nta na lami yake zimemwagika sakafuni.

Watu wakauliza, "Fundi gani huyo aliyefanya hivi?" Jina la kijana likatajwa. Mmoja akasema kijana yule ni mwizi, mwingine akasema vijana wa siku hizi hawajui kazi, nasi tulikuwa tumesimama pale pale, wala hatukusema neno.

Hiyo ndiyo sehemu ya habari hii ituumizayo kuandika. Siku kumi na nne tulipita mbele ya kibanda kile, tukaona jinsi watu walivyopungua, na kila siku kijana alituamkia shikamoo kama desturi yake, wala hakutukumbusha jambo lolote. Pengine alidhani sisi hatukusikia lililosemwa. Pengine alijua ya kuwa tulisikia. Hata siku ya kumi na tano tukaenda kwa mama tukamwambia ya kwamba amri ya kufunga waya ilikuwa yetu, na kwamba kijana alituonya. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu. Lakini hayo ukayaseme pale yaliposemwa yale mengine." Tukaenda tukayasema. Haikuwa kazi nyepesi kwa mtu ambaye watoto wa mtaa mzima humwita mwalimu.

Baada ya hayo mama alitaka sanduku litengenezwe kweli kweli, nasi tukaahidi kulipa. Tulimpata mzee mmoja hapa hapa Chamazi, aliyejifunza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati redio za valvu zilikuwa zingali katika nyumba nyingi, ingawa transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa imekwisha kuanza kuziondoa. Tulimwomba kijana naye aje, akaja, akawa mshika tochi.

Mzee hakuuchomeka waya ukutani, kama tulivyotazamia. Alikaa kwanza akamwuliza mama maswali, kama mganga amwulizavyo mgonjwa. Sanduku lilipokuwa bado linalia, je, lilivuma? Sauti ilikuwa safi, ama ilikwaruza wimbo ulipopanda? Baada ya kulia muda mrefu, palikuwa na harufu? Mama akakumbuka ya kuwa katika mwaka wa mwisho wa mumewe sauti ilikwaruza, na mzee alizoea kulizima baada ya nyimbo tatu au nne "lipumzike." Fundi akatikisa kichwa akasema, "Marehemu alikuwa amekwisha kusikia."

Kisha akamwonyesha kijana jambo ambalo twaona yafaa kila msomaji alijue, maana limewaua watu. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wenye nguvu kupita ule wa ukutani. Ukutani kwetu ni volti 230. Humo ndani ni 350 na zaidi. Tena kapasita kubwa zilizomo huushika umeme ule hata chombo kikiwa kimekwisha kung'olewa ukutani, kama mtungi ushikavyo maji baada ya mvua kukatika. Kwa hiyo mzee hakugusa kitu mpaka alipoumwaga umeme huo polepole kwa kuupitisha katika rezista, kisha akapima kwa mita kuhakikisha kwamba haukusalia. Na kila alipopima chombo kikiwa na umeme, mkono wake wa kushoto aliuweka nyuma mgongoni, ili umeme ukimpiga usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hata mkono.

Transfoma ilipelekwa mjini, upande wa Gerezani, kwa mafundi wasukao mota. Msukaji huifungua ile ya zamani waya kwa waya, akihesabu mizunguko yake na kupima unene wa waya, kisha huisuka upya kwa hesabu ile ile. Kazi hiyo ilichukua majuma mawili, na gharama yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Iliporudi, mzee hakuiunga moja kwa moja na umeme. Alitoa balbu ya zamani ya uzi wa moto, ya wati 100, ambayo alikuwa ameihifadhi ndani ya kitambaa kama yai, kwa kuwa siku hizi taa hizo ni adimu madukani. Aliiunga katika njia ya umeme, hata kila umeme uingiao katika amplifaya sharti upite kwanza ndani ya balbu. Ikiwa amplifaya haina kasoro, balbu hufifia. Ikiwa inakula umeme kupita kiasi, balbu hung'aa, nayo huuzuia umeme usiharibu kitu. Balbu ikang'aa. Akazitoa valvu mbili kubwa zinazoendesha spika, akawasha tena, na balbu ikafifia. Basi akajua kwamba ugonjwa uko katika valvu zile, ama katika kile kinachoziamuru.

Ndipo akaweka ncha ya mita mahali ambapo wavu wa valvu hupokea sauti. Hapo palipasa pasiwe na volti hata moja. Mita ikasoma 11.

Kati ya valvu ndogo na valvu kubwa huwekwa kapasita ndogo, ambayo katika vyombo vya zamani ni ya karatasi iliyotiwa nta. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango ambaye huwaacha watoto wa shule wapite, lakini huwazuia ng'ombe: sauti hupita, na ule umeme mkuu uliosimama upande wa pili huzuiliwa. Karatasi ile huzeeka, huingiwa na unyevu, na hapa pwani yetu huzeeka upesi zaidi. Mlinzi huanza kusinzia. Ng'ombe mmoja hupita, kisha wa pili. Volti chache tu zikifika kwenye wavu, valvu kubwa hudhani imeamriwa kufungua lango lote. Umeme hupita ndani yake kupita kiasi, bamba lake huwa jekundu kama kaa, transfoma hutoa zaidi ya uwezo wake, nayo huanza kuchemka. Mwisho wa mlolongo huo wote ndipo fyuzi hukatika. Chanzo cha mambo yote kilikuwa kidude kisichozidi kidole kidogo cha mtoto, ambacho bei yake haikupita sana bei ya soda. Mzee alimgeukia kijana, si sisi, akasema, "Fyuzi ilikuwa ikisema kweli mara tatu. Mkaiziba kinywa." Kijana akainama. Nasi tukasema, "Mzee, aliyeiziba ni sisi."

Sasa turudi kwenye swali letu.

Wako watakaosema kwamba fundi hana kosa kabisa, kwa kuwa aliagizwa. Wengine watasema kwamba kosa lote ni lake, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye. Sisi twaona ya kuwa yule kijana alikuwa na wajibu mbili: kusema alilojua, na kukataa kuiondoa ile kinga. Wa kwanza aliutimiza kuliko watu wengi wenye vyeo. Wa pili alishindwa. Lakini alishindwa mbele ya mtu mzima, mwalimu, aliyemwita mwanangu na kuweka fedha mkononi mwake. Kumtaka kijana wa umri ule atupinge sisi ni kumtaka awe na ujasiri ambao sisi wenyewe hatukuwa nao kwa siku kumi na nne. Na ujinga wetu haukuwa ule wa mtu ambaye hakuambiwa. Tuliambiwa kwamba kuna kitu ndani, tukalipa ili tusikijue. Mtu anunuaye ujinga kwa fedha yake hawezi baadaye kujitetea kwa ujinga ule.

Lakini liko neno jingine gumu zaidi, nalo hutoka kwa watu maskini, wala hatuwezi kulipuuza. Husema: "Ninyi mwazungumza juu ya kutafuta chanzo, lakini kutafuta chanzo kwataka siku na fedha. Mimi nina redio moja, na fedha ya kutengeneza nusu tu. Je, nikae kimya nyumbani kwa kuwa sina fedha ya kutengeneza yote?" Twakubali kwamba neno hili ni la haki. Wengi wetu huishi kwa kutengeneza nusu. Paa hufunikwa bati moja mwaka huu na la pili mwaka ujao, wala hakuna mtu awezaye kutuambia kwamba tumesema uongo. Hata yule mzee alifanya kazi nusu: valvu moja kati ya zile kubwa ilikuwa imechoka, naye alimwambia mama kwamba mpya bado hutengenezwa katika nchi za Slovakia, Urusi na China, na kwamba bei na safari yake si ndogo, ila ile ya zamani yaweza kuvumilia ikiwa sanduku halitalizwa usiku kucha. Mama akachagua ile ya zamani. Hiyo ilikuwa kazi nusu, lakini ilisemwa, na fyuzi ya kweli ilikuwa mahali pake ikilinda. Kosa letu sisi lilikuwa la namna nyingine. Tulimwonyesha mama sanduku linalolia, tukamwacha aamini kwamba limepona, na tukaiondoa ile kinga ambayo ingemwonya. Angalipewa habari, huenda angalisema, "Basi arusi na iende kwa ngoma." Uchaguzi ule ulikuwa wake, nasi tulimnyang'anya kwa nia njema.

Twasema kwa nia njema, na ni kweli. Tulitaka ahadi ya marehemu itimizwe. Lakini tumeanza kuziogopa nia zetu njema zinapokuwa na haraka.

Sisi walimu hasa hatuna budi kujitazama hapa. Mwalimu anayempa mtoto majibu kwa siri ili apasi mtihani, amefunga waya mahali pa fyuzi. Mtihani ulikuwa umewekwa ukatike mahali pale pale ambapo mtoto hajui, ili mzazi na mwalimu wapate kujua mahali pa kuanzia. Sasa mtoto "amelia" vizuri, shule imesifiwa, naye huenda kidato cha kwanza asiweze kusoma barua. Vivyo hivyo mzazi anayetuliza homa ya mtoto kwa vidonge vya maumivu, asimpeleke kupimwa malaria. Homa imeshuka, mtoto amecheka, na ugonjwa ungali damuni ukiendelea na kazi yake. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twaongeza kwamba aghalabu mfichaji si mgonjwa mwenyewe, bali ni jamaa zake wampendao.

Jambo moja tulibishana na mzee, na mpaka leo hatujakubaliana. Mafundi wengine wa vyombo vya kale, watiapo kapasita mpya, huichukua ganda la ile ya zamani, hulitoa matumbo, na kuificha mpya ndani yake, ili mtu akichungulia aone kana kwamba hakuna kilichobadilishwa. Sisi tulisema hayo ni udanganyifu. Mzee alicheka akasema ni heshima kwa waliokiunda chombo, kama mtu atiaye saruji ndani ya ukuta wa udongo na kuupaka udongo tena kwa nje. Twaona ya kuwa ana haki ikiwa mwenye chombo anajua, na hana haki siku chombo kinapouzwa kwa mtu asiyejua. Yeye asema mnunuzi mwenye akili huuliza. Sisi twasema muuzaji mwenye moyo mwema hangoji kuulizwa. Hapo tumekwama.

Sanduku lilipokwisha kupona, mzee alilisikiliza kwa muda mrefu. Wimbo ulikuwa mmoja wa zile za miaka ya 1970, ambao yeye aliujua tangu ujana wake. Akakunja uso. Alisema mwimbaji anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akabandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya santuri, akatoa saa yake, akahesabu mizunguko. Santuri ile hupasa kuzunguka mara 45 kwa dakika. Ilizunguka mara 37 na nusu. Sababu yake haikuwa ugonjwa. Sanduku liliundwa kwa umeme wa Marekani, ambao hupiga mara 60 kwa nukta moja, na wa kwetu hupiga mara 50. Marehemu alikuwa amenunua kile kisanduku kipunguzacho volti 230 ziwe 117, lakini kisanduku hicho hakibadilishi mapigo ya umeme, na mota hufuata mapigo. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na zaidi nyimbo zote katika nyumba ile ziliimbwa polepole na kwa sauti nzito kuliko zilivyoimbwa na wenyewe, wala hakuna aliyejua.

Tulimtazama mzee tukingoja aseme ataichonga gurudumu jipya la mota, maana dawa ni ndogo, na mwendo ungekuwa sawa. Alikwisha kushika bisibisi. Kisha akaiweka chini, akamwita mama, akamweleza yote kama tulivyoyaandika hapa, akamwuliza, "Mama, niinyoshe?"

Mama aliomba kwanza ausikie wimbo kwa mwendo wake wa kweli. Kijana alikuwa nao katika simu yake, akaupiga. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri, ila huyo ni mtu mwingine. Wimbo alioimbiwa na mumewe sebuleni, jioni baada ya jioni, ulikuwa ule wa polepole. "Uacheni hivyo," akasema, "lakini binti yangu ajue."

Mzee akamwagiza kijana alete karatasi na kalamu. Sisi ndio tulioandika, kwa kuwa ndiyo kazi tuijuayo: tarehe, kapasita zilizobadilishwa, valvu moja iliyochoka, fyuzi ya kiasi gani itiwe na isizidishwe, na kwamba mota inakwenda polepole kwa matakwa ya mwenye nyumba. Kijana akaibandika karatasi ile ndani ya mlango wa nyuma, mahali ambapo fundi ajaye ataiona kabla hajagusa kitu.